Zamu ya usiku Vacoas

Leo nimekumbuka zamu yangu ya kwanza ya kimbunga pale Vacoas, Mauritius, nilipokwenda kujifunza kazi kwenye idara yao ya hali ya hewa. Nilidhani shughuli yenyewe ni kompyuta na picha za setilaiti. Wapi! Shughuli ni simu. Kisiwa kizima kinauliza swali moja tu: "Tuko daraja la ngapi?"

Madaraja ya tahadhari yako manne. La tatu hutangazwa ili watu wapate saa 6 za mwanga wa mchana kabla mikupuo ya upepo haijafika kilomita 120 kwa saa. Sasa piga hesabu: kimbunga kikija alfajiri, uamuzi ni wa mchana wa jana yake, jua linawaka, nawe unasimamisha mabasi yote. Kikipinda baharini, kesho unatukanwa hadi na muuza dholl puri, zile chapati za mtaani.

Mkuu wa zamu, mama mmoja mpole, alishika kalamu juu ya tangazo dakika nzima. Chai yake ya vanila ilishafanya utando. Akasaini, kisha akanigeukia: "Mwanangu, mpigie mwenye nyumba wako aanue nguo."