Tulivyoangalia Isidingo na mtu wa Wenela

Naomba niseme mapema kabisa. Kwenye ule ubishi wa tamthilia ipi ilikuwa kali kuliko zote enzi za TV za chogo, upande wangu unajulikana: Isidingo. Wapenzi wa tamthilia za Wafilipino na Wamexico mtanisamehe. Zenu zilikuwa tamu, sikatai, lakini zilikwisha. Tajiri anamuoa yaya, bibi mbaya anapata kichaa, harusi kubwa, kwaheri. Isidingo ilianza kuonyeshwa kwao Afrika Kusini, SABC 3, Julai 1998, ikafungwa Machi 2020. Yupo mtoto mtaani kwetu Temeke aliyezaliwa baada ya kipindi kuanza, akamaliza kidato cha nne, akaoa, kule kwao bado inaendelea.

Kwa mliochelewa kuzaliwa: aliyeitunga anaitwa Gray Hofmeyr, na mwanzoni ilikuwa habari ya mji wa mgodi wa dhahabu, Horizon Deep. Mji wa kubuni, ila umepachikwa magharibi ya Johannesburg, huko huko ambako migodi ya kweli ipo. Kuna familia ya Matabane, watu weusi wa heshima zao, mama yao Agnes akiwa nguzo ya nyumba. Kuna akina Haines, Wazungu wa pesa na fitina. Wanaongea Kiingereza, katikati wanaingia Kizulu, Kisotho au Kiafrikana, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini ya kioo. Hakuna aliyetutafsiria kwa Kiswahili. ITV ya hapa kwetu walikuletea kama ilivyo, ukielewa umeelewa.

Sasa sebuleni kwetu, aliyeelewa kuliko wote alikuwa Babu, na Babu hakusoma zaidi ya darasa la pili.

Babu ni mtu wa Tukuyu. Ujana wake, miaka ya hamsini, alichukuliwa na Wenela, wale waliokuwa wakikusanya vijana wa huku kwetu na wa Nyasaland, Malawi ya leo, kuwapeleka kuchimba dhahabu Joni. Wazee wa Rungwe na Kyela hawasemi Johannesburg, wanasema Joni. Tulipopata Uhuru, serikali ya Nyerere ikaufunga mlango huo, asiende mtu tena kutumikia makaburu. Babu alikuwa amesharudi. Alirudi na sanduku, kifua kibovu, na lugha moja ya ajabu ambayo hakuwa na mtu wa kuongea naye.

Lugha yenyewe ni Kifanagalo, ya migodini, Kizulu kilichovunjwavunjwa ili bosi Mzungu aweze kumwamrisha Mnyakyusa, Mchewa na Msotho kwa mkupuo. Sisi watoto tulikuwa tukiisikia kila siku bila kujua ni nini. Ukitumwa dukani ukazubaa mlangoni, Babu anafoka, "Checha wena!" Tulidhani ni Kinyakyusa. Mama naye alidhani ni utani wa baba yake tu.

Halafu jioni moja, mzee mmoja kwenye Isidingo akamfokea kijana kwa Kizulu, na Babu, aliyekuwa amejiegemeza kama amelala, akacheka. Akacheka kabla ya maandishi kutokea chini. Kaka yangu aliyekuwa sekondari, ambaye ndiye alikuwa mkalimani wetu rasmi na alijisikia sana kwa kazi hiyo, akageuka kumtazama kama vile kiti kimeongea. Kuanzia siku ile tukawa na wakalimani wawili: kaka wa Kiingereza, Babu wa Kizulu. Kaka alikuwa anatafsiri neno kwa neno. Babu alikuwa anatafsiri kwa kifupi sana. "Amemkatalia." "Anadai hela yake." "Mwongo huyo."

Mpenzi wake alikuwa Papa G, yule aliyechezwa na Darlington Michaels. Alisema huyo ndiye peke yake anayeongea kama watu wa mgodini, wengine wote wanaongea kama watangazaji. Kuhusu mambo mengine alikuwa mkali. Ile baa ambapo Wazungu na weusi wanakunywa meza moja aliitazama kwa muda mrefu bila kuiamini. Alikwenda Joni wakati mtu mweusi akitembea bila pasi anakamatwa, na analala kampaundi, wanaume peke yao chumba kizima. Tulimweleza kwamba Mandela alishatoka, uchaguzi ulishafanyika 1994, mambo yamebadilika. Akasema anajua, ana redio. Lakini baa ile bado hakuikubali.

Na kitu kimoja alikuwa akikiuliza kila mara, hatukumjali: "Mbona hawakohoi?"

Nimekuja kulielewa swali hilo ukubwani. Vumbi la mawe ya dhahabu linaharibu mapafu, na wachimbaji waliobaki na maradhi hayo ni wengi mno, wametapakaa Lesotho, Msumbiji, Malawi, kote. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya kampuni za dhahabu kuwalipa fidia wachimbaji walioumia. Nilisoma habari hiyo kwa moyo kudunda, nikatafuta masharti yake. Wanaohusika ni waliofanya kazi kuanzia Machi 1965. Babu wakati huo alikuwa Tukuyu analima viazi na migomba, anakohoa, na hata hivyo alishatutoka kabla ya kesi kumalizika. Basi, hilo nimelitaja tu, turudi kwenye tamthilia.

Mama hakuwa na habari na dhahabu wala Kizulu. Mama alikuwa na Cherel. Kama hukumjua Cherel sijui nikueleze vipi: mwanamke mzuri, mwembamba, sauti ya chini, na kila anapotabasamu ujue kuna mtu atalia kabla ya Ijumaa. Michelle Botes alimcheza vizuri hadi kuna bosi mmoja wa kina mama wa sokoni aliitwa Cherel miaka na miaka, na nadhani mwenyewe alidhani anasifiwa. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo wakati wa kipindi. Siku ambazo Cherel hakutokea, wali ulikuwa safi. Siku ambazo Cherel na Barker Haines wameingia chumba kimoja, jiandae kutafuna mawe. Barker, yule wa Robert Whitehead, Mama alimchukia kwa namna ya kumpenda. Huyo Cherel, Mama alimchukia kweli, kisha kadiri miaka ilivyokwenda akaanza kumtetea, "Na yeye walimtenda." Mpaka leo sijui walimtenda nini.

Mimi nilikuwa upande wa Letti Matabane. Msichana wa rika la dada zangu, ana kazi, anabishana na wazazi wake mezani bila kupigwa. Hilo la kutopigwa lilinishangaza kuliko fitina zote za akina Haines.

Mwaka 2006 mgao wa umeme ulitutesa. Maji yalikuwa yamekauka bwawa la Mtera, Tanesco wanakata mchana na jioni, na jioni ndiyo hiyo. Kibanda umiza cha nyuma ya nyumba, kilichozoea kuonyesha mpira na mikanda ya Kihindi, kikawasha jenereta na kufungulia Isidingo kwa kiingilio. Wanaume waliokuwa wakitucheka kwamba tunaangalia mambo ya wanawake wakajikuta wamebanana kwenye benchi, wanauliza kwa sauti ya kukoroma, "Kwani yule alishamwambia mumewe?" Babu alibebewa kiti chake. Hakutozwa.

Kuna jambo jingine ambalo limenifanya niiweke Isidingo juu ya nyingine zote, na hili sitalipitia haraka.

Mama mdogo, mdogo wake Mama wa mwisho, alikuja kwetu kutoka Mbeya akiwa mgonjwa. Tuliambiwa ni kifua. Nyumba yenye Babu anayekohoa, kifua hakikuwa habari ya kushtua. Lakini Mama alimtengea sahani, na jirani mmoja akaacha kuja kusuka kwetu, na watoto tukaambiwa tusiulize. Wakubwa wakilitaja walisema "umeme", au "ngoma", au walinyoosha tu midomo kuelekea chumbani. Mkapa alishautangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, mabango yamejaa barabarani, na bado ndani ya nyumba neno lenyewe halina anayelitamka.

Kwenye Isidingo kulikuwa na Nandipha, aliyechezwa na Hlubi Mboya. Nandipha ana virusi. Tulisubiri afe, maana kwenye michezo yote ya kuigiza tuliyoizoea, ya redioni na ya majukwaani, mtu wa namna hiyo anakonda, anakohoa, anazikwa, mchungaji anatoa mawaidha. Nandipha hakufa. Wiki zikapita, miezi ikapita, Nandipha anakwenda kazini, anapendeza, anagombana na watu kwa mambo yasiyohusu ugonjwa wake hata kidogo. Wakubwa wetu, ambao hawakuweza kuzungumza habari za mama mdogo, walizungumza habari za Nandipha kwa uhuru wote. Amwambie nani, asimwambie nani, anaweza kuzaa, hawezi kuzaa. Mama mdogo amekaa hapo hapo kwenye mkeka, kajifunga khanga mabegani, anasikiliza.

Jioni moja akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Huyu mgonjwa mbona mnene kuliko mimi."

Hakuna aliyejibu. Feni inazunguka. Babu ndiye aliyesema, bila kugeuka kutoka kwenye TV, "Basi mpelekeni na yeye akapewe dawa hizo."

Hakuna aliyetegemea lingetoka kwake. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa bure mwishoni mwa 2004, lakini kujua zipo ni jambo moja, na kuinuka na mgonjwa wako asubuhi mbele ya majirani ni jingine. Mama aliinuka naye. Sitasema Isidingo ndiyo iliyompeleka hospitali, maana hali yake yenyewe ilikuwa inasukuma, na dada yake angefika hapo kwa njia yoyote. Ila pale sebuleni pa kusemea palipatikana wakati wa Nandipha. Sahani ile ya peke yake ilirudi kabatini na nyingine, wala hakuna aliyetangaza.

Mama mdogo yuko Mbagala sasa hivi, ana duka la vifaa vya shule, na amenenepa kuliko Nandipha.

Habari za kweli za wale waigizaji zilitufikia moja moja, kwa magazeti kwanza halafu kwa simu. Februari 2008 Ashley Callie, yule Lee Haines, alifariki baada ya ajali ya gari, ana miaka 31 tu, na sisi tukaendelea kumwona jioni akitembea na kucheka. Mama alizima sauti siku moja, hakuzima picha. Lesego Motsepe, Letti wangu, alijitokeza Desemba 2011, Siku ya UKIMWI Duniani, akaueleza umma kwamba yeye mwenyewe anaishi na virusi. Kwa miaka yote ile tulikuwa tukimtazama Nandipha ndiye mgonjwa! Januari 2014 akafariki, ana miaka 39. Mama mdogo aliniomba nimsomee ile habari mara mbili.

Babu alikuwa ameshaacha kuangalia. Mgodi ulipungua kwenye hadithi, mwisho ikawa zaidi habari ya kituo cha televisheni, watu wenye suti wanagombea vipindi na matangazo. Babu alisema hao sasa wanajiigiza wenyewe. Akawa anabaki barazani na redio yake wakati sisi tumo ndani. Baadaye, Desemba 2012, Dar ikazimiwa mitambo ya analojia, ving'amuzi vikaingia, kila chumba kikawa na chaneli zake, wadogo zangu wakahamia kwa Waturuki wanaoongea Kiswahili. Mtu hasubiri tena mkalimani.

Machi 2020 ilipofungwa rasmi huko kwao, wiki mbili baadaye Afrika Kusini ikafungia watu ndani kwa sababu ya korona. Nilimwambia mume wangu, hawa wangevumilia kidogo tu wangepata watazamaji wa kutosha.

Michelle Botes alipofariki Desemba 2024, binamu yangu aliiweka habari kwenye kundi la familia. Mama mdogo ndiye wa kwanza kujibu: "Cherel? Msilie kwanza, subirini." Ilibidi tumhakikishie kwamba safari hii si Cherel wa kwenye TV, ni mwigizaji mwenyewe. Akatuma pole, Mama akatuma pole, kisha wakaanza upya ile kesi ya Cherel na Barker, nani alimwanza mwenzake, kwa sauti za dakika nne nne, hadi saa sita usiku.

Katika sauti mojawapo Mama akadai kwamba Babu hakuacha kuangalia kwa ajili ya mgodi. Eti macho tu yalikuwa yamempungua, na yale maneno ya watu kujiigiza nimeyatunga mimi. Naandika hapa ili ibaki kwa maandishi: mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chai barazani, na alikuwa anaona vizuri mpaka sindano anatunga mwenyewe. Mama akitaka kubisha, aje hapa chini, aandike.