Nilivyozipata dakika 67 za EX Hydrae nikiwa hapa Kondele, Kisumu

EX Hydrae ni nyota mbili zinazozungukana, moja ikiwa kibete cheupe, na zilinishika kabisa. Hicho kibete ni kiini cha nyota iliyokufa, uzito unakaribiana na wa Jua lakini ukubwa ni kama Dunia, sasa gesi inayovutwa kutoka kwa mwenzake inaanguka kwa kasi mbaya, inagonga, inafika mamilioni ya digrii na hapo ndio eksirei inatoka.

Mawingu ya ziwa hayakunisumbua, eksirei haifiki chini hata, hewa huimeza yote, hii ni kazi ya setilaiti. Na ile ya kwanza kabisa ya kazi hiyo ilirushwa kutoka pwani ya Malindi 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ndio maana ikaitwa Uhuru.

Data za zamani ni za bure. Mimi nilichukua za XMM-Newton, setilaiti ya eksirei ya Ulaya, na si kwa kubahatisha, setilaiti nyingi huzunguka karibu na Dunia kwa kama dakika 90 na kila raundi Dunia inaziba nyota, na nyota zenyewe huzungukana kwa dakika 98, sasa utajuaje pengo ni la nani? XMM iko mbali, raundi yake ni kama siku mbili, inaweza kukodolea nyota masaa mengi bila kukatwa.

Nikashusha faili usiku na bando la usiku. FITS, aina ya faili za wanaastronomia, isikutishe, ukiifungua na Python, lugha ya programu, ni jedwali tu, kila mstari ni fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, kolamu ya TIME inasema ilifika lini, PI inasema nishati yake. Nikabakisha zilizo chini ya PI 2000, yaani keV 2 (keV ni kipimo cha nishati), nikazihesabu kwa vipande vya sekunde 60, halafu nikakunja muda wote kwa dakika 67, yaani kila kipande cha dakika 67 nikakiweka juu ya kingine na kujumlisha, ndio muda kibete kinajizungusha mara moja. Wimbi hilo hapo! Nikaita jirani aone, akauliza kama ni bei ya mafuta.

Nikarudia na zile za juu ya keV 6, wimbi likakaribia kulala. Hapo ndio nilifurahi zaidi, maana kinachoziba ni pazia la gesi inayoshuka ikifuata usumaku wa kibete, eksirei laini (ya nishati ndogo) inakwama, kali inapenya. Ukikunja kwa dakika 98 unaona pia kishimo chembamba, mwenzake akipita mbele, ila mwanga hauzimiki wote, ncha ya chini ya kibete tu ndio inafunikwa. Spektra, yaani mwanga ukigawanywa kwa nishati, bado sijagusa, programu yake Xspec inataka nafasi na diski yangu imejaa.