Mkandaji wa serikali

Saa moja asubuhi nafungua chumba cha mazoezi ya viungo: kitanda kimoja, vyuma viwili vya kushikilia wanaojifunza kutembea upya, na kioo kilichopasuka kona. Ni hospitali ya wilaya, mkoani Lindi. Mtaani huniita mkandaji wa serikali. Nimezoea, ingawa fiziotherapia niliyosomea Moshi ina mambo mengi na kukanda ni sehemu yake ndogo sana.

Saa mbili benchi limejaa. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno; kila Jumatatu huona kama wote wamepanga foleni kwangu. Wengi hawahitaji kupasuliwa wala kipimo kikubwa. Wanahitaji kuambiwa kwamba mgongo wa namna ile hupona kwa kutembea, si kwa kulala. Mzee mmoja amebishana nami mpaka saa tatu na nusu akitaka mkanda na sindano. Ameondoka na mazoezi, amenuna.

Saa nne, binti aliyekonda, homa za jioni, kinundu katikati ya mgongo na chale mbichi juu yake. Nimempeleka mwenyewe kliniki ya kifua kikuu. Ugonjwa ule hula pingili pia, na dawa zake ni bure. Kinachomaliza watu ni miezi wanayozunguka kabla ya kufika.

Saa sita hivi akaletwa mkwezi wa minazi, aliyeanguka alfajiri. Wamempakia mshikaki kwenye pikipiki: dereva mbele, yeye katikati, baba yake mdogo nyuma amemkumbatia asidondoke. Kwa mapenzi kabisa. Na kila shimo la barabarani likawa linaukunja mgongo uliokwisha vunjika. Nikamfinya paja, akaniuliza naanza lini kumpima.

Eksirei ikaonyesha pingili iliyopondeka kiunoni. Huyo ni wa MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito. Likarudi, halina mafuta. Mafuta yakapatikana, fomu ya rufaa haina saini. Mwenye saini yuko kikaoni. Baba mdogo akachoka kabla yetu.

"Mwanangu, tuna mzee wetu kijijini anaunga mifupa. Tupe mtu wetu twende."

"Baba, ndani ya mfupa huu umepita uti wa fahamu. Akivutwa, hata kile kidogo kilichobaki kinakatika."

"Na hapa mnamfanya nini? Mnamgeuza tu!"

Ndiyo, tunamgeuza tu. Watu wanne, mmoja kichwani, tunahesabu moja, mbili, tatu, mwili mzima unakwenda kama gogo. Kila baada ya saa mbili, maana ngozi isiyohisi haiombi kugeuzwa, na kidonda cha makalio kimeshawazika wengi waliookoka kwenye mnazi. Muuguzi kamwekea mpira wa mkojo. Wagonjwa wangu wa mchana nimewarudisha nyumbani. Mama mmoja alikuwa ametoka Ruangwa. Sikula. Jua limezama lini, sijui, nakumbuka migeuzo tu. Wa tatu, mgongo ulikuwa unaniuma mimi. Wa nne, baba mdogo alivua kanzu, akashika nyonga bila kuambiwa, na mikono yake ilikuwa imara kuliko ya yule mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo.

Gari limeondoka usiku, muuguzi na baba mdogo ndani. Nimempa baba mdogo namba yangu, nikamsisitizia wasimame kila baada ya saa mbili wamgeuze.

Nimelala kidogo, simu ikaita. Wamefika Somanga.

"Mwanangu, kijana amepitiwa na usingizi. Tukimwacha apumzike, tukamgeuza kesho huko Dar, ni vibaya?"

"Ni vibaya, baba. Mgeuzeni hivyohivyo."

Nikamsikia anamwita dereva apaki.