Siku Moja Kondele: Simu Zilizoganda na Kilichomo Ndani Yake

Saa moja na nusu asubuhi. Nafungua kibanda changu cha kutengeneza simu Kondele, hapa Kisumu, makanga wa Kakamega wameshaanza kupiga kelele. Nafuta meza, napanga bisibisi na brashi, naangalia kama stima ipo.

Saa mbili. Mteja wa kwanza ni mama anayechukua samaki Dunga na kuwauza Kibuye. Simu yake imeganda tangu jana usiku: picha inaonekana, lakini haisikii kidole wala haizimiki. Kinachomtia hofu si simu yenyewe. "Fundi, pesa yangu yote ya M-Pesa imekwama humo."

Nachomoa laini yake, naitia kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe ninayoweka hapa kwa ajili ya wateja, nampa aangalie salio mwenyewe. Liko vilevile. Pesa ya M-Pesa imeunganishwa na laini, haikai ndani ya simu. Simu hata ikizama ziwani salio halizami nayo. Natamani kila mfanyabiashara wa mji huu alijue hilo, kwa sababu mtu akishikwa na hofu hukubali lolote analoambiwa na fundi.

Baada ya hapo nabonyeza kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti kwa pamoja, nashikilia bila kuachia. Kioo kinazima, simu inatetemeka, nembo inatokea. Haikufika nusu dakika. Simu za zamani tulikuwa tunachomoa betri tu. Za sasa betri imefungiwa ndani, na vitufe hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ile. Simu nyingi za Android huitikia hivyo, nyingine hutaka kitufe cha kuwashia peke yake. Hakuna picha wala namba inayofutika. Simu ikiwaka naona chanzo: nafasi ya kuhifadhi imejaa pomoni, video za makundi ya WhatsApp za mwaka mzima. Simu inahitaji nafasi tupu ili ifanye kazi, ikiikosa inakwama. Tunafuta video pamoja, yeye akiamua ipi ibaki.

Saa nne na nusu, mwanafunzi wa Maseno na iPhone iliyoganda. Kuanzia iPhone 8, unabonyeza cha kuongeza sauti na kuachia, cha kupunguza na kuachia, kisha unashikilia cha ubavuni mpaka nembo ya tufaha ionekane. Simpi bili kwa kazi hiyo, namfundisha tu.

Saa sita. Dereva wa boda amekuja na simu nyeusi tii, anasema imekufa. Naipigia. Inaita! Basi simu ni nzima, kilichokufa ni kioo. Iliangushwa, na tunakubaliana bei ya kioo kabla sijaifungua.

Saa nane, kijana anataka nimwondolee akaunti ya Google kwenye simu iliyokwisha kufutwa data yote. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifutwa kwa nguvu huuliza akaunti ya mwenyewe wa awali, na kinga hiyo iliwekwa kwa ajili ya wizi. Namwomba risiti au boksi lenye IMEI, namba ya utambulisho ya simu. Hana. Namrudishia simu yake, anaondoka amenuna. Kuna mtu mahali fulani anaililia simu ile, nami siwezi kuishika.

Saa tisa mvua inashuka kutoka upande wa ziwa, stima inapotea. Nakula githeri.

Saa kumi anaingia mwalimu kutoka Ahero. Simu yake inawaka, inafika kwenye kioo cha kufungulia, inaganda, inajizima na kuanza upya. Fundi mwingine alimwambia dawa ni kufuta kila kitu. Ndani yake mna sauti za WhatsApp alizotumiwa na mamake, ambaye sasa ni marehemu.

Hapa sina haraka hata kidogo. Naingia kwanza kwenye menyu ya matengenezo kufuta kashe, yaani mafaili ya muda, na kila mara huusoma mstari mara mbili, kwa sababu ule wa kufuta data yote uko karibu nao. Haikusaidia. Naiwasha tena, nembo inapotokea nashikilia kitufe cha kupunguza sauti ili iingie hali salama, ambapo programu zilizoongezwa na mtumiaji hazifanyi kazi. Inatulia. Basi tatizo ni programu. Kabla ya kugusa lolote nanakili picha na sauti zote kwenye kadi ya kumbukumbu, naye anafungua sauti moja kwenye kompyuta yangu ya mapajani ahakikishe. Anasikiliza mpaka mwisho. Ndipo naiondoa programu ya kubadilisha sura ya simu aliyoiweka juzi, na simu inawaka kama kawaida.

Saa kumi na mbili mwalimu anauliza: je, angekubali kufuta, zingerudishwa? Namwambia ukweli. Simu za siku hizi huhifadhi data kwa fumbo lenye ufunguo wake. Ukifuta simu, ufunguo unakwenda pia, na hakuna fundi wa Kisumu wala wa Nairobi atakayeirudisha. Anaomba tunakili kadi ya pili, abaki nayo dadake. Natafuta kadi nyingine, tunaanza.