Una intavyuu kesho? Rudia kusoma tangazo
Watu wakiitwa intavyuu wanakimbilia kutafuta nguo, sawa nguo muhimu, ila lile tangazo la kazi hata hawaligusi tena. Mi nalisoma upya mstari kwa mstari, kila sifa wanayotaka natafuta kitu nilichowahi kufanya kinachoendana nayo halafu nakisema kwa sauti, maana kichwani kila mtu anaongea vizuri, we fungua mdomo uone. Lile la "tuelezee kuhusu wewe" ndo linaangusha wengi, mtu anaanzia alikozaliwa jamani! Sema unafanya nini sasa, ulifanya nini kabla, kwa nini unaitaka hiyo kazi, dakika 2 zinatosha. Na wakikuuliza kama una swali usiseme huna, uliza atakayeajiriwa atapimwaje miezi ya mwanzo.