Nimemaliza ile thrila, sasa niacheni nilalamike

Basi nimekimaliza hicho kitabu. Jana saa nane usiku nimefika ukurasa wa mwisho, nikabaki naangalia dari kama mtu aliyetapeliwa. Jina silitaji, kuna watu wangu wa karibu wanakipenda mno na sitaki kesi, ila ni kile ambacho kila mtu anakwambia "we soma tu, usiulize kitu, mwisho utashika kichwa".

Na shida ilianzia hapo hapo. Ukishaambiwa mwisho unashtua husomi tena stori, unafanya upelelezi. Kila anayeingia kwenye sura namkagua kama askari getini. Mume mpole sana? Huyo. Jirani ana maswali mengi? Huyo. Paka hajaonekana tangu sura ya pili? Hata paka nilimweka kwenye listi, sitanii. Kitabu kingine cha kawaida hakipati msomaji msumbufu hivi, kwa hiyo nakubali kosa kidogo ni la waliokipigia debe.

Nawaharibia mwisho sasa, ila jina sijataja kwa hiyo hamna wa kunidai.

Mwanamke kapata ajali, kumbukumbu za miezi kadhaa zimefutika, mume anamhudumia, na kuna daktari wa akili anakuja nyumbani kila Alhamisi kuongea naye. Kurasa kama 100 za mwanzo nilizipenda kweli. Funguo zinahama, mume anasema "si tulishaongea hili jana" na yeye hakumbuki, na we msomaji huna pa kushika. Huo mchezo wa kumfanya mtu asiamini akili yake una jina siku hizi, gaslighting, na hilo jina limetoka kwenye tamthilia ya Patrick Hamilton ya 1938, Gas Light, ambamo mume anamzungusha mkewe mpaka mke anajiona anachanganyikiwa, na kinachomuumbua ni taa za gesi kufifia kila akijifanya katoka. Yaani kuna kitu cha kushika pale, taa inafifia kweli. Kumbuka hiyo taa.

Maana kwenye hiki kitabu twisti ni kwamba daktari hayupo. Hajawahi kuwepo, mama wa watu alikuwa anaongea peke yake. Haya, sawa, lakini mi nakumbuka kabisa sura ya 4 mume alimfungulia mlango huyo daktari, akampokea koti, wakasalimiana, kwa hiyo nikarudi nyuma mbio nikidhani labda mume naye anaigiza ili mke azidi kuchanganyikiwa, na hapo nilifurahi sana, nikasema ahaa huyu mwandishi kumbe mjanja. Hamna kitu. Anamaliza kwa sentensi moja, eti na koti nalo aliliwaza tu.

Aisee! Kama koti aliliwaza, mume je? Ajali je? Mimi niliyekaa siku nne nasoma nilikuwa nakusanya ushahidi wa nini? Hilo ni changa la macho. Agatha Christie kwenye The Murder of Roger Ackroyd, 1926, alilalamikiwa kwamba kacheza rafu kwa sababu msimulizi wake anaficha jambo, lakini ukirudi nyuma ukasoma tena unakuta uongo hakukudanganya, aliruka dakika chache tu na we hukushtuka, unajilaumu mwenyewe. Na riwaya ya Gone Girl ya 2012 wala haikungoja mwisho, bomu linalipuka katikati na nusu kitabu imebaki, watu wanaendelea kuishi na yaliyotokea. Hiki changu kimebakiza kurasa sita. Sita!

Kingine kilichonikera, ugonjwa wa akili umefanywa rimoti ya mwandishi. Akikwama anabonyeza, mgonjwa anaona kitu. Wengi wenye magonjwa kama skizofrenia wanasikia sauti zaidi kuliko kuona watu, sasa huyu anaona daktari mzima mwenye koti, anafika Alhamisi kwa wakati, hata mara moja hajachelewa. Afu mwishoni bila shaka mgonjwa ndo anashika kisu, kama kawaida ya vitabu hivi, wakati huku nje wagonjwa wa akili walio wengi hawamgusi mtu, wao ndo wanaoumizwa zaidi. Jirani mwenye maswali hata hakuhitajika, angeweza kuondolewa kabisa tusijue.

Aliyeniazima kaniuliza asubuhi, "si nilikwambia utashika kichwa?" Nimemjibu nimekishika. Akacheka, nikamuuliza kuhusu koti, akasema hakumbuki koti lolote.

Na yule paka mpaka kitabu kinaisha hajarudi.