Namba 10.9

Jumamosi, usiku

Nimezitandaza karatasi mbili za maabara juu ya kitanda. Ya kwanza inasema 238. Ya pili, iliyotoka wiki tatu baadaye, inasema 10.9. Siku nilipoipokea hiyo ya pili nilikaa ndani ya gari bila kuwasha injini. Kutoka mia mbili na ushee hadi kumi! Nikajisemea basi, mwanaume nimekwisha.

Kumbe maabara ya kwanza huandika testosteroni, ile homoni ya kiume, kwa nanogramu katika desilita moja ya damu, na ya pili kwa nanomoli katika lita. Ukizidisha 10.9 kwa 28.8 unapata kama 314. Yaani kiwango kilikuwa kimepanda, na mimi nakiwekea matanga. Kizio kimeandikwa pale pale ubavuni mwa namba, kwa herufi ndogo, ila mwenye hofu hana macho ya herufi ndogo.

Haya mambo yalianza mwaka jana. Uchovu ambao ukilala hauondoki. Naamka kama niliyepakua magunia usiku kucha. Hasira ziko karibu, mkanda wa suruali umesogea tundu mbili, na lile jambo ambalo wanaume tunalisingizia kazi: hamu imepungua. Mke wangu hakulalamika. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma.

Nikaenda kupima mwenyewe, bila kumwona daktari. Saa tisa alasiri, nimetoka kula, siku nne tu baada ya homa kali kuniachia. Aliyenitoa damu hakuniuliza hata swali moja. Alifunga mpira mkononi, akachoma, akabandika jina langu kwenye kichupa. Jioni nikaletewa 238 na alama ya kuwa iko chini. Usiku huo nilisoma mtandaoni mpaka macho yakawasha, na kila mwenye tangazo la dawa alikuwa na uhakika kabisa ninaumwa nini.

Daktari niliyemwendea baadaye ni mama mtu mzima, mpole wa kauli. Aliisoma ile karatasi, akaigeuza kifudifudi mezani.

“Kaka, damu hii ilitolewa saa ngapi?”

Nilipomjibu akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka kadiri mchana unavyokwenda, ndiyo maana sampuli huchukuliwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, kwa sababu chakula nacho huishusha, hasa chenye sukari. Mtu aliyetoka kuugua asitarajie majibu ya maana, kwa kuwa mwili ukipambana na ugonjwa huipunguza homoni hii kwa muda. Na hata ukipima kwa utaratibu wote huo, namba moja haitoshi. Ikiwa chini, inarudiwa siku nyingine. Mimi nilikuwa nimevunja kila sharti kwa mkupuo mmoja.

Kisha akaacha karatasi, akaanza kuniuliza mimi. “Asubuhi unaamka umesimama?” Nikatazama kalenda ya ukutani. Nikasema mara mojamoja. Akaandika bila kubadilisha uso, na hapo nikaanza kumwamini. Alisema dalili zinazofuatana kwa karibu zaidi na upungufu wenyewe ni tatu: hamu kushuka, uume kushindwa kusimama vizuri, na ile ya asubuhi kutoweka. Uchovu, huzuni, kusahausahau, hizo zinaweza kuletwa na tezi ya shingo, upungufu wa damu, kisukari, sonona au usingizi mbovu. Mimi nilikuwa nimezipanga zote foleni moja na kuzipa jina moja.

Akauliza kama ndevu zimepungua hata nanyoa mara chache kuliko zamani, kama matiti yamevimba, kama napatwa na joto la ghafla. Akauliza kuhusu dawa kali za maumivu za jamii ya opioidi, na sindano za kujengea misuli. Akauliza hata vidonge vya nywele na kucha, maana biotini, vitamini iliyomo, huweza kuvuruga baadhi ya mashine za maabara.

Halafu akatoa kwenye droo kitu kama tasbihi: shanga zenye umbo la yai, ndogo hadi kubwa, kila moja imeandikwa mililita zake, kutoka 1 hadi 25. Ni za kulinganishia ukubwa wa korodani. Mkono mmoja unapima, mwingine unapapasa shanga. Nilitamani sakafu inimeze, lakini sekunde chache tu yalikuwa yamekwisha. “Ziko sawa,” akasema, akarudisha tasbihi yake drooni.

Damu ya pili nilitoa asubuhi, sijala kitu, na safari hii aliagiza kundi zima. LH na FSH ni homoni ambazo tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutuma kwenda kuziamuru korodani. Testosteroni ikiwa chini na LH iko juu, ubongo unapiga kelele na korodani haziwezi kuitika. Zote mbili zikiwa chini, au LH imetulia tu kana kwamba hakuna tatizo, basi kasoro itafutwe huko juu kwenye kuamuru. Prolaktini nayo hupimwa kwa sababu ikizidi sana huzima amri hizo, na wakati mwingine chanzo ni uvimbe kwenye tezi hiyo hiyo. Zangu zote zilikuwa ndani ya mipaka.

Isipokuwa moja, SHBG, iliyokuwa chini, na hii ndiyo niliyoitafuna wiki nzima. SHBG ni protini inayobeba testosteroni kwenye damu na kuishika sana. Nyingine hubebwa na albumini, protini nyingine ya damu inayoishika kwa ulegevu, na inayotembea huru kabisa ni kama asilimia 2 tu. Kipimo cha jumla huhesabu zote, hata zilizofungwa. Sasa, unene hushusha SHBG. Wabebaji wakipungua, jumla nayo inasomeka chini, wakati ile iliyo huru huenda haijapungua. Akaikokotoa yangu iliyo huru: iko kwenye kiwango cha kawaida. Ile 314 yenyewe iko kizingitini, maana chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani huhesabu upungufu chini ya 300, na wengine hushuka hadi 264.

Nikamwomba sindano hata hivyo. Nakiri. Akauliza kama tunataka mtoto mwingine. Tunataka. “Basi isahau kwa sasa,” akasema. Testosteroni ya kuchomwa huudanganya ubongo kuwa ipo ya kutosha; LH na FSH zinashuka, na mbegu zinaweza kukoma kabisa. Pia huongeza chembe nyekundu za damu, na zikipita asilimia 54 ya ujazo wa damu matibabu husimamishwa. Nawafikiria wale wanaochomana nyuma ya ukumbi wa mazoezi bila kupima chochote.

Mke wangu, niliyekuwa nimemwomba anisindikize, ndipo akafungua mdomo: “Baba watoto, huwa unakoroma halafu unanyamaza kimya. Mimi huwa nahesabu hadi urudi.” Daktari akainua kalamu. Mwaka 2011 kulichapishwa jaribio ambamo vijana wenye afya walilala saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Mimi nakatika pumzi sijui tangu lini.

Kipimo kinachofuata basi ni cha usingizi. Kifaa kiko hapa mezani: mshipi wa kifuani, kibanio cha kidole, mrija mwembamba wa puani. Mke wangu amekigeuzageuza, akauliza kama kitaandika na viwiko anavyonipiga.